Ongeza mahali unapoitwa jina lako: mwongozo kwa mtu transjenda na walio karibu naye

Vijana transjenda, yaani ambao jinsia yao si ile waliyoandikiwa walipozaliwa, wakija kwangu mara ya kwanza huja na moja ya maswali mawili. Wapo wanaotaka kujua watawaambiaje wazazi, na wapo wanaotaka kujua homoni zinapatikanaje. Yote ni maswali ya haki na nitayafikia. Ila mimi huanza na la kwangu: kwa sasa kuna mahali pangapi unapoitwa jina lako, lile ulilojichagulia, ukaitika bila kugeuka kuangalia nani amesikia?

Wengi hunyamaza. Wengine husema hakuna hata mahali pamoja. Basi kazi ndiyo hiyo: kupata mahali pa kwanza, halafu pa pili, halafu pa tatu. Mengine yote, kuanzia nguo na dawa hadi vyeti na yale mazungumzo na baba, huenda vizuri zaidi kwa mtu ambaye tayari ana pa kupumulia.

Mimi ni fundi cherehani, mwanamume transjenda. Nilipozaliwa waliandika msichana. Leo nina ndevu, na zenyewe zimeshaanza kuingia mvi kabla sijamaliza kuzifurahia. Si daktari wala mwanasaikolojia. Lakini mtu akisimama mbele ya kioo amenyoosha mikono apimwe, huongea, na nimesikia mengi nikiwa na futi shingoni.

Kinachokuumiza si jinsi ulivyo

Anza kwa kuacha kujiita mgonjwa. Mei 2019 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha orodha mpya ya magonjwa, toleo la 11, na likaanza kutumika Januari 2022. Katika toleo lililotangulia tulikuwa kwenye sura ya magonjwa ya akili. Katika hili tumetolewa humo: hali ya jinsia ya mtu kutolingana na ile aliyoandikiwa alipozaliwa imehamishiwa sura ya afya ya kujamiiana, na imebakizwa orodhani ili anayehitaji matibabu asinyimwe. Nakutajia haya kwa sababu ipo siku mtu atakuambia una kichaa, na pengine atakuwa amevaa koti jeupe. Ujue amepitwa na wakati.

Mbona basi sonona na wasiwasi vimetujaa? Mwaka 2003 mtafiti Ilan Meyer alieleza msongo unaowaandama watu wa makundi madogo yanayodharauliwa, na mwaka 2012 Hendricks na Testa wakayahusisha maelezo hayo na maisha ya transjenda. Kwa ufupi, mzigo una pande mbili. Upande wa nje ni matusi, kipigo, kufukuzwa kazi, kunyimwa huduma. Upande wa ndani huzaliwa na ule wa nje: unatarajia kudharauliwa kabla hujadharauliwa, unajificha saa zote, na mwishowe unaanza kuyaamini wanayosema.

Nina zoezi ninalowapa watu, na mwenyewe bado nalifanya. Jioni andika jambo lililokuuma siku hiyo, kisha jiulize: limetendeka, au nililiogopa? Dereva aliyekutusi ametenda. Abiria aliyekutazama muda mrefu huenda alikuwa anawaza deni lake. Lililotendeka linahitaji mtu wa kuambiwa, na likiwa kubwa linahitaji kuandikwa tarehe na mahali, maana kesho unaweza kutaka kushtaki. Uliloliogopa tu linahitaji kupimwa: mara ya mwisho kuliogopa, ilikuwaje? Usijidanganye kwamba hofu yote ni ya kichwani. Nyingine ndiyo iliyokufikisha hapa ukiwa hai. Lakini ukizitenganisha, unalala na moja badala ya kulala na zote mbili.

Chora ramani

Chukua karatasi. Andika kila mahali unapopita katika wiki: chumbani, sebuleni kwa wazazi, kazini au darasani, kundi la WhatsApp la ukoo, kinyozi, nyumba ya ibada, uwanjani, kwa rafiki. Mbele ya kila mahali jibu mambo matatu. Hapa naitwaje? Hapa nani ana nguvu juu yangu, anayelipa kodi ya nyumba, anayelipa ada, anayesaini mshahara? Nikifukuzwa hapa nitakwenda wapi?

Karatasi hiyo itakupangia mfuatano. Mahali pa kwanza pa kuitwa jina lako ni pale penye huruma nyingi na nguvu ndogo ya kukudhuru. Mara nyingi ni kwa rafiki mmoja. Wengi hudhani uaminifu unataka waanze na wazazi. Mimi nasema kama wazazi ndio wanaokupa paa, wanaweza kusubiri, na kusubiri kwao si uongo. Huna deni la habari zako kwa kila mtu.

Haya si maneno ya fundi peke yake. Mwaka 2018 Stephen Russell na wenzake walichapisha utafiti kuhusu vijana transjenda 129 wa Marekani. Waliwauliza kama wanaweza kutumia jina walilojichagulia nyumbani, shuleni, kazini na kwa marafiki. Kila palipoongezeka mahali pamoja, mawazo ya kujiua yalikuwa pungufu kwa asilimia 29 na vitendo vya kutaka kujiua kwa asilimia 56. Ni utafiti wa watu wachache na hausemi kwamba jina ni dawa ya kila kitu. Lakini angalia walichohesabu. Hawakuhesabu nani amejitangaza kwa dunia nzima na nani hajajitangaza, walihesabu mahali.

Ramani ikishakuingia kichwani, ichane. Usiipige picha. Na ukiwa hapo hapo, weka namba ya siri kwenye simu, zima onyesho la ujumbe juu ya kioo kilichofungwa, na hakikisha picha zako hazijipeleki zenyewe kwenye kompyuta ya familia. Nimejua watu waliotangazwa na simu zao kabla hawajafungua mdomo. Ukikutana na mtu wa mtandaoni, mkutane mchana, mahali penye watu, na mtu mwingine ajue uko wapi.

Kumwambia mtu

Sema kwa ufupi. Hotuba ndefu humpa msikilizaji nafasi nyingi za kubisha. Kitu kama: “Mama, nina jambo langu la muda mrefu. Mimi ni mwanamume. Naomba uniite Juma. Si lazima unijibu leo.” Sentensi ya mwisho ndiyo inayookoa mambo, kwa sababu jibu la kwanza la mtu aliyeshtuka mara nyingi silo jibu lake. Usimwambie katikati ya ugomvi, wala msibani, wala akiwa amelewa, wala kwenye kundi la ukoo ambako mtu mmoja akitukana wengine huona aibu kunyamaza.

Kabla hujasema, panga utakapolala usiku ule mambo yakiharibika. Hii si kutabiri mabaya. Weka kwa rafiki begi lenye vyeti vyako au nakala zake, dawa unazotumia, chaja, nauli na nguo za siku mbili. Begi likikaa mwaka mzima bila kuguswa, ni heri.

Kiswahili kimetupunguzia shida moja: “yeye” hana jinsia, na kitenzi hakijali wewe ni nani. Shida yetu iko kwenye kuitwa dada, kaka, shangazi, bwana, bibi. Kwa hiyo usimwambie mtu “niheshimu” tu ukamwacha akibahatisha. Mwambie hasa: kuanzia sasa mimi ni kaka yako, watoto wako waniite mjomba. Mpwa wangu alikuwa akiniita mama mdogo. Dada yangu alimwambia jioni moja, “Huyu kuanzia leo ni mjomba.” Mtoto akanitazama, akauliza kama mjomba naye hufunga kamba za viatu. Nikasema ndiyo. Akaenda kuleta viatu.

Watu wazima hawaendi kasi hiyo. Mama alibaki na “mwanangu” kwa muda mrefu. Wenzangu walisema anakwepa. Mimi niliona vingine: neno “binti” alikuwa ameshaliacha, na mdomo wake ulikuwa bado haujazoea lile jipya. Kama mzazi wako bado hajafika, mpe maneno ya katikati: mwanangu, mdogo wangu, mwenzangu, au jina la utani la utotoni lisilo na jinsia. Watu wengi huvukia hapo. Anayetumia jina la zamani kwa makusudi, mbele za watu, akicheka, huyo ni habari nyingine, na unaruhusiwa kuondoka chumbani bila kuaga.

Nguo, na hapa niacheni nikae kidogo

Mtu akiniambia anataka nguo zimwonyeshe alivyo, macho yangu huenda begani kwanza. Mshono wa bega ukidondoka chini ya mfupa, hata mtu mzima huonekana mtoto aliyeazima shati la baba yake. Ukikaa sawasawa juu ya mfupa, mgongo wenyewe hunyooka. Kaka zangu, shati likikubana nyongani usipande saizi, maana bega litadondoka tena. Mwambie fundi afungue mshono wa pembeni chini, aache mpasuo wa vidole vitatu kila upande; ni kazi ndogo. Urefu uishie kidogo chini ya mkanda. Likiishia penye upana wa nyonga, jicho la mtu husimama hapo hapo. Kitambaa kiwe kizito kiasi, pamba isiyovutika, na shati la juu lililoachwa wazi juu ya fulana hufanya mistari miwili ya wima inayoficha kifua kuliko mbinu nyingi za gharama.

Dada zangu, bega hupunguzwa na shingo ya V na mkono usio na marinda juu. Kiuno cha gauni kikae juu kidogo ya kitovu, na sketi ianze kufunguka hapo. Nyonga itajitokeza bila sponji. Dada mmoja nilimshonea gauni lake la kwanza. Hakutaka kuangalia kioo, alisimama ameelekea ukutani wakati nabandika pini mgongoni. Akaniuliza kama litakuwa na mifuko. Nikatia miwili mishononi, mirefu ya kumeza kiganja chote. Siku ya kuchukua, alitia mikono mifukoni kwanza, ndipo akageuka kwenye kioo. Tangu hapo nawashauri wote waombe mifuko. Mtu mwenye wasiwasi husalitiwa na mikono isiyo na pa kwenda.

Kubana kifua ili kionekane bapa kunahitaji tahadhari. Katika utafiti mmoja uliohoji watu 1,800 wanaobana, asilimia 97 walitaja angalau dhara moja, kama maumivu ya mgongo, kifua au ngozi. Na hao hao walisema nafsi zao hutulia wanapobana. Yote mawili ni kweli, kwa hiyo bana kwa akili. Tumia fulana iliyoshonwa kwa kazi hiyo, ya kipimo chako halisi. Ukiwa kati ya saizi mbili chukua kubwa. Isizidi saa 8 kwa siku, usilale nayo, usikimbie nayo, na uwe na siku za kupumzisha mwili, kwa sababu wingi wa siku ndio ulioonekana kwenda sambamba na madhara mengi. Bandeji ya lastiki na gundi ya kufungia maboksi usiguse kabisa. Bandeji huzidi kubana kadiri unavyopumua. Ukihisi ganzi, kichomi au pumzi kukatika, vua hapo ulipo. Sidiria ya michezo na mashati mawili vinatosha kwa siku nyingi kuliko watu wanavyofikiri.

Dawa

Si kila transjenda anataka homoni, na asiyezitaka hajapungua chochote. Kwa anayezitaka, chama cha kimataifa cha wataalamu, WPATH, kimekuwa kikitoa miongozo ya matibabu tangu 1979, na toleo la 8 lilitoka 2022. Unapomwona daktari muulize kama anaifahamu miongozo hiyo. Muulize pia kuhusu uzazi kabla ya dozi ya kwanza, maana kuhifadhi mayai au mbegu ni rahisi zaidi wakati huo, na hata aliye na miaka 20 anayesema hataki watoto aulize tu.

Testosteroni, homoni wanayotumia wanaume transjenda, hushusha sauti ndani ya mwaka wa kwanza kwa wengi, na ikishuka haipandi tena hata ukiacha. Haizuii mimba, hata kama hedhi imekoma; nimesema na narudia, haizuii mimba. Inaweza kuongeza chembe nyekundu hadi damu ikawa nzito. Estrojeni, wanayotumia wanawake transjenda, huanza kukuza matiti katika miezi 3 hadi 6 na huchukua miaka 2 au 3 kufika mwisho wake. Sauti haiigusi, hiyo ni kazi ya mazoezi ya koo na ya kuongea, na ukikwaruza simama. Huongeza uwezekano wa damu kuganda, zaidi kwa mvutaji sigara. Ndiyo sababu vipimo vya damu hufanywa kila miezi 3 au karibu hivyo katika mwaka wa kwanza, halafu mara moja au mbili kwa mwaka.

Najua wapo wanaozipata vichochoroni kwa kuwa mlango wa hospitali umefungwa. Sitamhubiria mtu aliyefungiwa mlango. Nitamwambia matatu: usichangie sindano na mtu yeyote, usiongeze dozi ukidhani utafika haraka, na tafuta mahali pa kupima damu hata kama hutataja sababu yote. Silikoni ya kudungwa majumbani ni jambo jingine kabisa. Huhama mwilini, na imeua watu.

Na homoni hazitibu upweke. Nimeona ndevu zikiota kwenye uso wa mtu aliyejifungia ndani.

Kichwa, siku ya kawaida na usiku mbaya

Siku ya kawaida inataka mambo ya kuchosha: usingizi wa saa zile zile, mwili kutembea, pombe kidogo au hapana, na mtu mmoja wa kusalimiana naye kila siku. Kaa mbali na sehemu za maoni zinapojadili kama tuna haki ya kuwepo. Huna haja ya kuhudhuria mjadala huo kila asubuhi. Andika pia yaliyokufurahisha katika jinsia yako, madogo madogo: muuzaji amekuita kaka, kola imekaa vizuri, sauti kwenye simu haikuulizwa swali. Mwenye sonona husahau mema kwa kasi ya ajabu, na daftari halisahau.

Ukitafuta mshauri nasaha au mwanasaikolojia, una haki ya kumhoji kwanza. Umewahi kumhudumia mtu transjenda? Utaniitaje? Kwenye faili utaandika nini na nani ataliona? Ni katika hali gani utavunja siri yangu? Anayekasirishwa na maswali hayo amekujibu. Anayeahidi kukugeuza uwe kama ulivyoandikiwa, iwe kwa dawa, kwa maombi au kwa adhabu, mwache. Mwaka 2020 mtaalamu huru wa Umoja wa Mataifa, Victor Madrigal-Borloz, alitaka vitendo hivyo vipigwe marufuku duniani kote, na ripoti yake ilieleza jinsi vinavyoumiza. Mshauri mzuri hana haraka ya kukusukuma mbele wala kukurudisha nyuma. Ukiwa na mashaka kuhusu hatua fulani, yapeleke kwake kama yalivyo. Mashaka hayakufanyi mwongo.

Usiku mbaya panga mchana, ukiwa na akili tulivu. Wanasaikolojia Barbara Stanley na Gregory Brown walitengeneza mpango wa usalama wa kuandikwa kwenye karatasi moja, na ndio ninaoutumia. Unaanza na dalili zako mwenyewe. Zangu ni kuacha kunyoa na kuacha kujibu simu. Halafu unaandika unachoweza kufanya peke yako mawimbi yakipanda: mimi huchukua nguo kuukuu nikafumua mshono, uzi baada ya uzi, hadi mikono ichoke. Kisha watu au mahali pa kukutoa nje ya kichwa bila hata kulazimika kueleza; kwangu ni jirani mmoja wa kucheza naye drafti, hajui lolote na haulizi. Baada ya hapo wanakuja wale unaoweza kuwaambia waziwazi “leo nina mawazo ya kujiua”, majina na namba zao, angalau wawili kwa sababu mmoja anaweza kuwa amelala. Halafu namba ya mtaalamu, ya simu ya msaada iliyoko unapoishi, na hospitali yenye huduma ya dharura, ukiwa umeshajua njia ya kufika. La mwisho kwenye karatasi ni kuweka mbali unachoweza kujidhuru nacho: mpe mtu akuwekee. Hili watu hulidharau, na ndilo ningelipigania zaidi, kwa kuwa saa za hatari kubwa mara nyingi hupita, na umbali kidogo kati yako na kitu hicho hununua muda wa kupita kwake.

Kama unasoma hapa na uko kwenye saa hizo sasa, acha kusoma. Mpigie mtu, au nenda palipo na watu, na useme neno lenyewe.

Vyeti

Sitakaa sana hapa maana sheria hutofautiana mno. Argentina tangu 2012 mtu hubadili jina na jinsia kwenye vitambulisho bila upasuaji, bila daktari na bila hakimu. Kwingine ni vita ya miaka: Oktoba 2014 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru Baraza la Mitihani limtolee Audrey Mbugua, mwanamke transjenda, cheti kipya chenye jina lake na kisichotaja jinsia. Nchi nyingi ziko katikati, au ziko nyuma kabisa. Ushauri wangu ni kutenganisha jina na jinsia. Jina mara nyingi hubadilika kwa hati ya kiapo au tangazo la kawaida analolifanya mtu yeyote, na mwanasheria hahitaji kujua zaidi. Anza nalo. Tunza nakala za kila kitu katika majina yote mawili, sehemu mbili tofauti.

Wewe uliye karibu naye

Umeambiwa. Kama umepotewa na maneno, sema “asante kwa kuniamini, nikuiteje?” na inatosha kwa siku ya kwanza. Usiulize habari za sehemu zake za siri. Hukumuuliza hivyo binamu yako alipooa. Muulize nani mwingine anajua na utumie jina gani mbele ya nani, maana ukimwita Juma mbele ya mwenye nyumba asiyejua, umemfukuzisha kwa mapenzi mema. Ukikosea, jirekebishe kwa neno moja na uendelee na habari. Ukianza kuomba radhi kwa machozi, yeye ndiye atakayekubembeleza.

Kama ni mzazi, unaruhusiwa kusikitika, ila masikitiko yapeleke kwa mtu mzima mwenzako. Mwaka 2016 Kristina Olson na wenzake walichapisha matokeo ya watoto transjenda 73 wa Marekani ambao familia zao ziliwapokea: sonona kwao haikuzidi ya watoto wengine, na wasiwasi ulizidi kidogo tu. Kwa hiyo unapouliza “nifanye nini”, jibu kubwa liko mikononi mwako na halihitaji hospitali. Mjibie mbele ya ndugu. Shangazi akisema “yule binti wako”, sema “mwanangu Juma hajambo, anakusalimu”, halafu badili mazungumzo. Mpangie zamu ya kumtembelea akishahama. Msindikize kliniki, ukae benchi, na jina la zamani likiitwa kwa sauti pale dirishani, simama wewe uende ukazungumze na karani ili asilazimike kusimama yeye.

Ukimwona amebadilika, halali, anagawa vitu vyake, anaongea kama anaaga, muulize moja kwa moja: “Unawaza kujiua?” Kuuliza hakupandi wazo ambalo halikuwepo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, usibishane naye kuhusu thamani ya maisha. Ondoa vitu vya hatari, mwambie akuonyeshe ile karatasi kama anayo, na kama hana, kaeni mezani muiandike, kisha mwende wote kwa mtaalamu mkiwa wawili. Njiani mwite kwa jina lake, na ukifika mapokezi waeleze mapema waliandike kwenye kadi hata kama kitambulisho kinasema jingine. Wengi hukubali kuliandika kwa penseli pembeni. Likiandikwa hivyo, mtie moyo muuguzi wa zamu inayofuata aisome penseli.